Dawa ya baipola inabadilisha jeni za ubongo? Posa ya mdogo wangu imekwama hapa

DadaWaKonde

Assalaam alaykum. Naomba mwenye elimu ya dawa za akili anisaidie. Mwenye kejeli apite njia.

Mdogo wangu wa kiume nakaa nae hapa Konde. Ana maradhi ambayo daktari wa Chake aliyaita baipola. Kwa asiyeyajua nitasema nilivyoyaona kwa macho yangu. Mwaka ule mikarafuu ilizaa sana. Mchana anachuma, usiku halali, anazunguka na tochi kwenye mashamba ya watu anahesabu miti. Akawa anawaambia wazee barazani kuwa karafuu zote za Micheweni atazinunua yeye na kuzipeleka Indonesia kwa jahazi lake. Karafuu anayenunua ni Shirika la serikali, kila mtu anajua, na yeye hata ngarawa hana. Lakini akianza kuzungumza huwezi kutia neno. Msimu ulipokwisha kikaja kinyume chake: kageukia ukutani, uji nampelekea unapoa pale pale.

Tulianza kwa maalim, akasomewa, akanywa kombe. Kisomo sikilaumu, mpaka leo tunasoma. Ila kilichomrudisha akawa yule yule ninayemjua ni Epilim. Anakunywa asubuhi na usiku. Ramadhani daktari alimpangia futari na daku.

Sasa kaposa Wete na wakakubali. Kuna kijana wa upande wa mke anasoma Dar, katuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la harusi. Anasema dawa hiyo inaingia ndani ya seli za ubongo na kugusa jeni, jambo lenyewe linaitwa epijenetiki, na tufikirie watoto watakaozaliwa. Tokea siku hiyo wazee wa kule simu zetu hawapokei vizuri. Na mdogo wangu kausikia ule ujumbe. Vidonge vya usiku nimevikuta ndani ya buli la zamani la kahawa juu ya kabati.

Nauliza: ni kweli? Kama ni kweli, kinachobadilika hakirudi tena? Watoto kinawafika? Na hivi anavyoruka vidonge kuna hatari gani?

MzeeWaMakonyo

Dada, mimi si daktari, lakini kitu kinachoingia kugusa maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu mimi sikitaki nyumbani kwangu. Zamani watu walipandwa na vichwa na wakapoa bila ya hivyo vidonge. Mpeni habasoda na asali, na mtoeni kwenye masimu.

MuuguziMstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi nimefanya kazi wodi za akili Unguja mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya umri wangu imepita Kidongo Chekundu. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo buli linanitisha kuliko huo ujumbe wa sauti.

Valproeti, ndiyo hiyo mnayoijua kwa jina la Epilim, haikatwi ghafla. Mwenye baipola akikata, ule wazimu wa tochi na mikarafuu unaweza kurudi katika muda mfupi tu, na unaporudi huwa na nguvu. Aliye na kifafa juu yake anaweza kuanguka mfululizo. Kwa hiyo leo usiku ameze kidonge chake cha kawaida, kimoja cha wakati wake. Msimlipishe vile alivyoruka kwa mpigo. Kama ameruka usiku mwingi, au umeshaanza kuona usingizi unapungua na maneno yanaongezeka, usingoje tarehe ya kliniki, mchukue.

Sasa hilo la jeni. Huyo kijana hakuzua. Kasoma jambo la kweli akalikata katikati.

Ndani ya kila seli yako kuna DNA ambayo ukiinyoosha inafika kama mita mbili. Ili iingie kwenye kiini kidogo kisichoonekana kwa macho, inazungushwa kwenye vijipande vya protini vinavyoitwa histoni. Pale ilipokazwa sana, jeni zake hazisomeki, zimenyamaza. Ilipolegezwa zinasomeka. Kinacholegeza ni alama ndogo ya kikemia inayoitwa asetili, inabandikwa kwenye histoni na vimeng'enya fulani, na kuna vimeng'enya vyengine kazi yao ni kuibandua. Kuna na alama nyengine, methili, hiyo inakaa juu ya DNA yenyewe na mara nyingi huinyamazisha jeni. Hizo alama ndizo epijenetiki. Umesoma Qur'ani chuoni, utanielewa nikikwambia herufi ni zile zile, kinachowekwa na kuondolewa ni irabu. Dawa hii haigusi herufi, yaani mpangilio wa DNA yenyewe.

Valproeti ilitengenezwa mwaka 1882 na mkemia anayeitwa Burton, na kwa muda mrefu ikatumika maabara kama maji ya kuyeyushia vitu vyengine tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Ufaransa Pierre Eymard na wenzake walikuwa wanajaribu dawa nyengine walizoziyeyusha ndani yake, wakaona kila wanachokijaribu kinazuia degedege. Kumbe kinachozuia ni kile kiyeyushio! Mwaka 2001 ndipo watafiti wakagundua kuwa inavizuia vile vimeng'enya vinavyobandua asetili. Kwa hiyo, ndiyo, mwenye kumeza valproeti alama za asetili kwenye seli zake zinaongezeka. Hapo kijana kasema kweli.

Ila hizo alama hazigandi hapo milele. Kwa mtu mzima nusu ya dawa hutoka kwenye damu katika saa 9 mpaka 16, ndiyo maana anakunywa mara mbili. Dawa ikishuka, vimeng'enya vinarudi kazini. Kwenye majaribio ya wanyama, asetili hupanda baada ya dozi na hushuka saa chache baadae. Wala hakuna aliyethibitisha kuwa utulivu wa mdogo wako unatokana na histoni. Dawa hii hupunguza pia mfyatuko wa seli za neva kwa kuziba njia za sodiamu, na huongeza GABA, kemikali ya kutuliza ubongo. Kipi kati ya hivi kinachomlaza usiku, wataalamu bado wanabishana.

Na si Epilim peke yake. Mwaka 2006 huko Marekani waliwapa imipramini, dawa ya zamani ya huzuni, panya waliokuwa wamenyanyaswa na panya wakubwa mpaka wakawa hawakaribii wenzao. Imipramini ikaongeza asetili kwenye jeni ya BDNF, inayotengeneza protini ya kuzilea seli za ubongo, kwenye sehemu inayoitwa hipokampasi. Dozi moja haikufanya kitu, ilibidi iendelee kwa wiki kadhaa. Mimi niliposoma hilo nikawakumbuka wagonjwa wangu wote walioniambia siku ya nne, "Bi, dawa hii haifanyi kazi." Dawa za huzuni huchukua wiki, na kila muuguzi wa akili anachoka kulirudia hilo.

Ndugu yangu MzeeWaMakonyo, kuhusu maumbile nakujibu kwa heshima. Alama hizi haziguswi na vidonge peke yake. Mwaka 2004 huko Montreal walionesha kuwa mtoto wa panya anayelambwa sana na mama yake hukua na alama za methili tofauti kwenye jeni inayopokea homoni ya mfadhaiko, kuliko asiyelambwa. Mwaka 2009 wakatazama ubongo wa watu waliojiua, na wale walioteswa utotoni walikuwa na methili nyingi zaidi kwenye jeni hiyo hiyo. Malezi yanagusa, mateso yanagusa. Maradhi yenyewe, ukiyaacha yamkokote mtu usiku kucha bila ya kulala, unadhani ubongo unabaki ulivyo?

Habasoda na asali ampe, havina ugomvi. Asiviweke mahali pa dawa tu.

Watoto. Mwanangu, seli za ubongo hazizai. Alama zilizoko kwenye seli ya neva ya mdogo wako zitakufa nae baada ya umri mrefu inshaAllah. Mtoto anatokana na mbegu ya baba na yai la mama, na alama nyingi za hizo mbegu hufutwa mara mbili, zinapotengenezwa na tena mimba inapoanza. Kitu ambacho mtoto anaweza kurithi ni maelekeo ya maradhi yenyewe, na hayo yamo ndani ya herufi, yalikuwemo kabla mdogo wako hajaonja kidonge. Kwa mzazi mmoja mwenye baipola, kama mtoto mmoja katika kumi huja kuipata. Tisa hawaipati. Mimi ningewaambia wakwe hivyo hivyo, wazi, kabla ya ndoa, maana watakuja kuyasikia kwengine yakiwa yameongezwa chumvi.

Hatari ya kweli ya valproeti iko kwa mwanamke mwenye mimba. Mama akiinywa, watoto kama 10 katika 100 huzaliwa na kasoro za mwili, mfano uti wa mgongo usiofunga, na 30 mpaka 40 katika 100 huchelewa kusema, kutembea au kusoma. Kama mwenye dawa angelikuwa bibi harusi ningekuandikia maneno mengine kabisa, na ya ukali. Hapa anayekunywa ni bwana harusi.

Mfamasia_Darajani

Bi kamaliza karibu kila kitu, ila hapo kwa bwana harusi ntaongeza jambo, kwa sababu kijana wa Dar anaweza kulitafuta akalipata akalirusha tena kundini bila ya mkia wake.

Januari 2024 kamati ya usalama ya Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ilitoa tahadhari kwa wanaume pia. Walitumia takwimu za Denmark, Norway na Sweden. Katika watoto ambao baba zao walikuwa wanakunywa valproeti ndani ya miezi mitatu kabla ya mimba, kama 5 katika 100 walikuwa na matatizo ya ukuaji wa akili. Kwa baba waliokunywa lamotrijini au levetirasetamu, dawa nyengine za kifafa, ilikuwa kama 3 katika 100. Miezi mitatu kwa sababu mbegu ya kiume huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa.

Na mkia wake ni huu. Kamati yenyewe ilisema uchunguzi huo hauthibitishi kuwa dawa ndiyo sababu. Mwaka huo huo uchunguzi mwengine wa Denmark, wa watoto zaidi ya milioni moja, haukuona tofauti. Na kamati iliwaambia wanaume wasiache dawa wenyewe, wazungumze na daktari kabla ya kutafuta mtoto.

Kwa hiyo Dada, si sababu ya kuvunja posa, wala si sababu ya kujaza buli. Ni sababu ya kumuuliza daktari: kabla hatujatafuta mtoto, abaki na hii au ahamie nyengine? Litiamu, dawa nyengine ya baipola, ipo, lakini inataka kupimwa damu mara kwa mara na inataka mtu anywe maji ya kutosha, kwa hiyo Ramadhani ina hesabu yake. Lamotrijini huongezwa polepole kwa wiki kadhaa, na ukiianza nayo bado uko kwenye valproeti kipimo huwa kidogo zaidi kwa sababu valproeti huirundika mwilini. Na ulizeni kwanza kama hiyo mpya inapatikana Pemba kila mwezi. Kuhamia dawa inayokatika katikati ya mwezi ni kutafuta balaa.

KijanaWaMtambile

Mimi nipo kwenye dawa, si baipola, mimi ni maradhi ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Nilipewa haloperidoli, dawa ya maradhi hayo, shingo ikapinda ikaganda nikadhani nimerogwa upya, wakanipa Artane, dawa ya kulegeza mkazo huo, ikaachia. Sasa nipo kwenye sindano ya mwezi.

Nataka kuuliza kwa ajili yangu. Hawa wenzangu waliosoma wanasema seli zimebadilika. Mimi naona nimebadilika. Zamani nilikuwa nacheka sana, sasa nacheka kidogo. Hii ni maradhi au ni hizo alama?

MuuguziMstaafu

Mwanangu wa Mtambile, swali lako ndilo linalowasumbua hata watafiti, na nakwambia kwa nini. Ubongo wa mtu hai haukatwi kipande kuangaliwa alama. Kwa hiyo wanaangalia panya, au damu, na alama za seli za damu si lazima zifanane na za ubongo. Au wanaangalia ubongo wa maiti. Na maiti aliyekuwa na maradhi ya sauti karibu kila mara alikuwa pia anatumia dawa miaka mingi. Ukikuta alama imebadilika, imebadilishwa na nini? Wapo waliojaribu kuchambua. Mwaka 2012 walionesha, kwa panya na kwa ubongo wa watu pia, kuwa baadhi ya dawa mpya za sauti, kama klozapini, zikitumiwa muda mrefu huongeza kimeng'enya kimoja kinachobandua asetili, na hicho huinyamazisha jeni moja ya kupokea glutameti, kemikali ya kuamsha seli za ubongo. Yaani kinyume kabisa na inavyofanya valproeti. Kwa hiyo anayesema "dawa za akili zinabadilisha jeni" kana kwamba ni dawa moja, mwambie arudi darasani.

Kuhusu kicheko. Huo uzito wa uso na hisia mara nyingi ni dawa kubana sana dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, na hilo mara nyingi hupungua kipimo kikishushwa au dawa ikibadilishwa. Mara nyengine ni maradhi yenyewe, mara nyengine ni huzuni iliyoingia kimya kimya. Siku ya sindano usikubali kuchomwa na kuondoka. Mwambie muuguzi neno hilo hilo ulilotuandikia, kuwa unacheka kidogo. Akiwa anajua kazi yake atakaa akusikilize.

FidlaYaMalindi

Jamani samahani naingia na yangu. Kuna mtu kaniambia hiyo Epilim inampa mtu masikio ya muziki. Sisi wa taarabu tupewe basi, maana kuna wapigaji hapa fidla wanaipiga kama wanakata kuni.

Mfamasia_Darajani

Kuna uchunguzi wa 2013, mdogo, vijana wa kiume wazima wasio wanamuziki. Waliokunywa valproeti walijifunza kutambua sauti za noti kidogo vizuri kuliko walipokunywa kidonge bandia. Wazo lilikuwa ni hizo hizo asetili, kwamba ubongo unarudi kuwa mwepesi kama wa mtoto. Lakini dawa hii inaweza kudhuru ini na kupunguza chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na hivyo haviwezi kulipia noti. Nenda kafanye mazoezi.

NipoDar_Asili_Wete

Mimi ndiye mwenye ujumbe wa sauti. Nimeletewa kiungo. Kwanza, sikusema asioe. Nilisema tuulize. Dada yangu pale ndiye anayeolewa, nikiuliza mimi kosa liko wapi?

Pili, namuuliza Bi. Unasema alama hufutwa. Mimi nimesoma kuwa zipo zisizofutwa. Kweli si kweli?

MuuguziMstaafu

Kweli. Nilisema nyingi, sikusema zote. Kuna jeni, kwa binadamu ni kama mia moja hivi, ambazo alama ya baba au ya mama hubaki, na mwili wenyewe umepangwa hivyo. Zikiharibika kuna maradhi yake. Na kwa panya kuna mifano ya alama iliyovuka kizazi. Lakini kutoka hapo mpaka kusema Epilim ya bwana harusi itaandika kitu kwenye ubongo wa mjukuu, hiyo ni safari ambayo hakuna aliyeifika kwa binadamu. Ungeulizia mbegu ya baba ungekuwa na haki, na mfamasia kakupa jibu lake. Wewe ulianza na seli za ubongo, ukamalizia na watoto, na katikati hukuweka kitu.

Kuuliza si kosa. Kundi la harusi lenye mashangazi na wajomba wote si mahali pa kuuliza maradhi ya mtu. Ungempigia dada wa bwana harusi.

NipoDar_Asili_Wete

Sawa Bi. Ntampigia.

DadaWaKonde

Ameshapiga. Tumezungumza muda mrefu, na mama yake akaomba simu. Nimemwambia la mmoja katika kumi kama Bi alivyosema. Akanyamaza kidogo, akaniambia mume wake mwenyewe ana sukari na babake alikuwa na sukari na hakuna aliyemuuliza siku ya posa. Sijui watakata shauri gani, wanakutana Ijumaa baada ya sala.

Mdogo wangu nimemsomea yote haya kwa sauti mpaka ile ya fidla. Cha ajabu kilichomwingia si irabu wala panya, ni ile dawa kuwa ilikuwa kiyeyushio tu na watu hawajui. Kaniuliza mara mbili, "Kwa hiyo walikuwa nayo mezani siku zote?" Usiku ule alimeza mbele yangu. Jana pia. Usingizi upo, namsikiliza kupitia ukutani.

Kliniki ni wiki ijayo. Bi, na wewe mfamasia, nimuulize daktari nini khasa, na nichukue nini?

Mfamasia_Darajani

Chukua boksi la dawa lenyewe, si vidonge vilivyotiwa kwenye karatasi, kwa sababu kuna za kawaida na kuna za kutoka polepole na kipimo chake si sawa. Mwambie daktari ni usiku gani ameruka, hata kama mdogo wako ataona haya. Ombeni kipimo cha ini na cha damu kamili chenye chembe sahani. Uliza habari ya kutafuta mtoto, wakwe wasikie jibu kutoka kwa daktari.

MuuguziMstaafu

Na bibi harusi aende nae, akikubali. Na hilo buli lioshe ulitumie kwa kahawa.